Chipsi mayai bila mafuta: mwongozo kamili wa kupima osmosisi jikoni kwako

Tangu niwape wanafunzi wangu wa tuisheni jaribio la osmosisi (yaani maji kupenya utando kwenda upande uliokolea zaidi) wakalifanye nyumbani, kwa yai na kwa vipande vya kiazi kwenye glasi 5 zenye sukari tofauti, simu yangu haijatulia. Mama mmoja wa Tabata alinitumia ujumbe wa sauti saa 12 asubuhi: "Mwalimu habari za kuamka. Lile yai limepasuka kabatini, nyumba nzima inanuka, na mwanao bado hajaandika hata mstari." Baba mmoja wa Mbagala akalalamika kwamba vipande vyake vya kiazi vimeongezeka uzito kwenye glasi zote, hata ile ya sukari nyingi. Kisha kijana wa kidato cha tatu akaandika: "Ticha, glasi ya katikati haikufanya kitu, nikaimwaga."

Huyo wa tatu ndiye aliyenikalisha chini niandike. Yai likipasuka umepoteza yai moja. Ukimwaga glasi ya katikati umemwaga jaribio lenyewe, maana kiazi kisichoongezeka wala kupungua ndicho kitakachokueleza kwa nini dripu ya hospitali ina chumvi kiasi kile.

Vitu vyenyewe ni vya chipsi mayai ukitoa mafuta. Utahitaji siku 4 kwa yai, ambazo nyingi ni za kusubiri tu, na jioni 1 kwa viazi.

## Vifaa: kusanya vyote kwanza

- Mayai 2 mabichi yasiyo na ufa. Moja ni la akiba.
- Siki nyeupe ya kutosha kulifunika yai mara 2.
- Viazi mviringo 6 vikubwa na vigumu. Kilichoanza kunywea au kuota acha dukani.
- Sukari nusu kilo.
- Mizani ndogo ya jikoni ya betri inayosoma gramu 1. Ukiweza kuazima ya sonara, utapata majibu safi zaidi.
- Sirinji ya mililita 20 bila sindano, kutoka duka la dawa.
- Glasi 5 zinazofanana, na vikombe viwili vitatu vya ziada.
- Kisu kikali, rula, tishu za jikoni, maka peni, saa na daftari.
- Maji lita 2.

Kuhusu hayo maji nina neno. Sehemu nyingi za Dar tunatumia maji ya kisima, na visima vingine vina chumvi ambayo ulimi ulishazoea. Mwaka mmoja nilifanya jaribio hili na kikundi cha vijana Kigamboni kwa maji ya kisima, na viazi vilivyokaa kwenye "maji matupu" vikaongezeka kidogo mno. Tulilaumu viazi, tukalaumu mizani. Mwishowe binti mmoja akayaonja maji, akakunja uso. Tumia maji ya chupa, ya bomba yasiyo na ladha ya chumvi, au ya mvua kama ni msimu wa masika.

Tahadhari chache kabla hujashika kisu: yai bichi linaweza kubeba bakteria wa salmonela, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kila ukilishika. Hakuna kitu cha jaribio hili kinachorudi kwenye sufuria kuliwa. Siki ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi mara moja.

## Unachokwenda kukiona

Kila seli ya mwili wako, na kila seli ya kiazi, imezungukwa na utando. Utando huo ni mwembamba kiasi kwamba ungehitaji kupanga zaidi ya 10,000 ili ufikie unene wa karatasi moja ya daftari. Maji huupenya kwa urahisi. Sukari na chumvi hazipiti mpaka zifunguliwe mlango wake maalumu.

Wengi wanakosea hapa kwa kudhani kwamba chumvi "inanyonya" maji kama mtu anavyonyonya juisi kwa mrija. Fikiria geti la kivuko cha Magogoni, watu wanapita pande zote mbili kwa wakati mmoja. Sasa upande mmoja wajae wachuuzi wenye matenga makubwa ambayo hayaingii getini, nao wamesimama palepale mlangoni. Abiria wa upande huo watalifikia geti wachache. Wa upande wa pili wanaendelea kupita kama kawaida. Baada ya nusu saa, upande wenye matenga umejaa watu zaidi, na hakuna aliyemvuta mtu mkono.

Abiria ni maji. Matenga ni sukari au chumvi iliyoyeyuka. Maji kupita hivyo ndiko tunakoita osmosisi, na vitu vilivyoyeyuka navyo vinapojisambaza kutoka palipokolea kwenda palipopungua, huo ni mtawanyiko. Shika jambo moja tu: geti halisimami kamwe. Hata pale unapoona "hakuna kilichotokea", maji yanaingia na kutoka, ila kwa idadi sawa.

# Sehemu ya kwanza: yai

Yai ni la kufurahisha macho na kuzoesha mikono. Usilitegemee kwa vipimo.

## Hatua ya 1: Livue gamba

Weka yai kwenye kikombe kipana, mimina siki mpaka lifunikwe, kisha funika juu kwa sahani bila kukaza. Mapovu yataanza papo hapo. Gamba ni kalisiamu kaboneti, na asidi ya siki inaliyeyusha huku ikitoa gesi ya kaboni dayoksaidi.

Usitumie chupa yenye mfuniko wa kukaza. Gesi haina pa kutokea, na ndivyo yule mama wa Tabata alivyopata harufu ya bure kabatini.

Baada ya saa 24 mwaga siki, weka mpya, acha saa 24 nyingine. Kisha lisugue yai taratibu kwa vidole chini ya maji yanayotiririka. Unga mweupe utatoka, na utabaki na kitu laini kinachobonyea kama puto la maji. Ukilinyanyua kwenye mwanga wa dirisha unaona kiini kinaelea ndani.

Umefaulu kama hakuna doa gumu lililobaki na utando haujachanika. Utakuta limekuwa kubwa kuliko lilivyokuwa na gamba. Sehemu kubwa ya siki ni maji, na kazi imeshaanza bila kukusubiri.

## Hatua ya 2: Lishibishe, kisha likaushe

Lipangusie maji, lipime, andika. Litumbukize kwenye maji matupu kwa saa 24. Lipime tena. Litakuwa limevimba na kukakamaa, kwa sababu ndani kuna protini na chumvi nyingi kuliko nje.

Sasa pika shira nzito kama ya kaimati, sukari vikombe 2 kwa kikombe 1 cha maji, kisha iache ipoe kabisa. Shira ya moto italipika yai, na hapo hujapima kitu. Litumbukize ndani yake kwa saa 24. Litatoka limenywea kama embe lililosahaulika juu ya friji, na juu ya shira utaona tabaka jepesi la majimaji. Hayo yametoka kwenye yai.

Ukitaka la ziada, lirudishe kwenye maji yenye matone ya rangi ya chakula. Litavimba tena, na kesho yake ukilipasua juu ya sinki utakuta rangi imeingia ndani. Kwa hiyo utando hauzuii kila kitu. Chembe ndogo za rangi zimejipenyeza, protini kubwa zimekwama.

Niseme ukweli ambao vitabu vingi huuruka: ngozi ya yai uliyoishika siyo utando wa seli. Ni kitambaa cha nyuzi za protini, nacho ni kinene mno na kina matundu makubwa kuliko utando wa seli. Kinatupa picha tu. Seli za kweli ziko kwenye kiazi.

# Sehemu ya pili: viazi

Hapa ndipo watu wanapoanguka, kwa hiyo nitakwenda polepole.

## Hatua ya 3: Andaa glasi 5

Kwa sirinji, weka mililita 200 za maji kwenye kila glasi, yaani mara 10 za mililita 20. Chora mstari kwa maka peni usawa wa maji. Kisha yamwage yote.

Unashangaa kwa nini uyamwage? Ukiweka gramu 40 za sukari juu ya mililita 200 za maji, myeyusho unapanda mpaka karibu mililita 225, na hesabu yako imeshapotea. Sukari inaanza, maji yanafuata mpaka kwenye mstari:

- A: maji matupu
- B: sukari gramu 10
- C: sukari gramu 20
- D: sukari gramu 30
- E: sukari gramu 40

Weka maji nusu, koroga mpaka punje zote zimalizike, kisha jaza mpaka mstarini. Punje zikibaki chini, myeyusho wako haujakolea kama ulivyoandika daftarini.

Panga glasi kwenye sinia lenye maji kidogo. Sisimizi wa Dar wana pua kali kuliko mwalimu mkuu.

## Hatua ya 4: Kata, kisha gawa kama karata

Menya viazi. Kutoka kila kiazi toa vipande 5 vya urefu wa sentimita 5, upana na unene sentimita 1. Tumia rula. Jicho la muuza chipsi ni zuri kwa biashara, huku halitufai. Ganda lolote lililobaki litoe, kwani linazuia maji kupita.

Usiweke vipande vya kiazi kimoja kwenye glasi moja. Gawa kama unavyogawa karata: kiazi cha kwanza kipande kimoja kimoja kwa kila glasi, cha pili vivyo hivyo, hadi cha sita. Kila glasi itapata vipande 6 kutoka viazi 6. Viazi havifanani. Kimoja kimekaa gulioni wiki 2 kikipoteza maji, kingine kimeshuka jana kutoka Mbeya. Ukivigawa hivi, tofauti hizo zinagawanyika sawasawa.

Fanya haraka. Vipande vikikaa mezani kwenye joto letu vinakauka kabla hata ya kupimwa.

## Hatua ya 5: Pima kabla

Viviringishe vipande 6 vya glasi A juu ya tishu, mara moja kila upande, uviweke vyote pamoja kwenye mizani, uandike. Rudia kwa B hadi E. Kila fungu litakuwa na gramu 30 na kitu.

Tunapima 6 kwa pamoja kwa sababu kipande kimoja kina kama gramu 5, na mizani inayosoma gramu 1 haiwezi kuona mabadiliko yake. Wanaopima kimoja kimoja ndio hunipigia kusema "mwalimu, havijabadilika."

## Hatua ya 6: Zamisha, saa 3

Tumbukiza mafungu kwa kuachana dakika 2, ili wakati wa kutoa upate nafasi ya kukausha kila fungu bila papara. Andika saa. Vipande vyote vizame.

Acha saa 3, glasi zote mahali pamoja. Usiweke moja karibu na jiko na nyingine dirishani. Joto linaharakisha mwendo wa chembe, na utakuwa umepima jiko. Wala usilaze usiku kucha kwa tamaa ya kupata majibu makubwa. Kwa joto la Dar myeyusho wa sukari unaanza kuchacha, kiazi kinateleza, na seli zinaanza kufa.

## Hatua ya 7: Kausha. Tafadhali, kausha

Yule baba wa Mbagala alitoa vipande kwenye glasi akaviweka moja kwa moja kwenye mizani. Maji yaliyoshikilia juu ya vipande 6 yanafika gramu 1 au 2 bila shida, na kwenye glasi C gramu 2 zinatosha kugeuza jibu kutoka "kimepungua" kuwa "kimeongezeka".

Mwingine atakwenda kinyume. Anavikamua kwa tishu kama anafua soksi, anatoa maji yaliyokuwa ndani ya seli, na hata glasi A inaonekana imepungua.

Fanya hivi. Tandika tishu kavu mpya. Kila kipande kiviringishe mara moja kwa kila upande, pande 4, kisha ncha 2, bila kubonyeza, ukikiacha kilale kwa uzito wake mwenyewe. Tishu mpya kwa kila fungu. Mkono huohuo kwa mafungu yote, ndugu yako asikusaidie nusu ya kazi. Ukikosea kidogo, angalau umekosea kwa namna ileile glasi zote 5, na makosa yanayofanana hayaharibu mfuatano.

Kabla ya kupima, shika kipande cha A na cha E, jaribu kuvipinda. Cha A kinakataa, ukikilazimisha kinakatika kwa mlio. Seli zake zimejaa maji na kuta zake zimekaza kama tairi lililojazwa upepo. Cha E kinapinda kama mpira. Hata kama huna mizani, hapo tayari una jibu la kuandika.

## Hatua ya 8: Tafuta asilimia, chora grafu

Usilinganishe gramu kwa gramu, maana mafungu hayakuanza sawa. Chukua uzito wa mwisho, toa wa mwanzo, gawa kwa wa mwanzo, zidisha mara 100. Huu ni mfano wa majibu:

- A: gramu 32 kwenda 36, ongezeko la 12.5%
- B: gramu 31 kwenda 33, ongezeko la 6.5%
- C: gramu 32 kwenda 31, pungufu la 3.1%
- D: gramu 33 kwenda 30, pungufu la 9.1%
- E: gramu 31 kwenda 26, pungufu la 16.1%

Yako hayatakuwa hivi hasa, wala yasilazimishwe yawe hivi. Kinachotakiwa ni mteremko: juu kwa A, chini kwa E, bila kurukaruka katikati.

Chora gramu za sukari kwenye mstari wa chini, asilimia kwenye mstari wa wima, na sifuri iwe katikati ya wima. Unganisha nukta. Mahali mchoro unapokata sifuri ndipo ulipokuwa ukipatafuta jioni nzima. Kwa mfano huu unakata kwenye gramu 17 hivi. Kwa ukolezi huo, maji yanayoingia kwenye kiazi na yanayotoka ni sawa.

Sasa unaona kwa nini nilimsikitikia kijana aliyemwaga glasi yake ya katikati. A na E zinaonyesha kwamba maji yanatembea, jambo ambalo mpika kachumbari anayekamua vitunguu kwa chumvi alishalijua zamani. Zilizo katikati ndizo zinazokwambia ndani ya kiazi kumekolea kiasi gani, bila hata kukikamua.

## Hatua ya 9: Ua utando uone

Kazi yake ni ya dakika chache, mengine ni kusubiri, na wengi huiacha. Chemsha vipande vichache dakika 5, vipoze, weka vingine kwenye maji matupu na vingine kwenye myeyusho kama wa E. Baada ya saa 3 vipinde.

Vyote ni tepetepe. Cha maji matupu hakikukakamaa kama kile kibichi. Moto umeharibu tando za seli, na bila utando hakuna geti la kubagua maji na sukari, kila kitu kinapita kinavyotaka. Kama una bitiruti, ona jambo hilohilo kwa rangi: kipande kibichi kilichosuuzwa vizuri kinatoa rangi kidogo kwenye maji baridi, lakini kwenye maji ya moto rangi inamwagika kama soda ya zambarau.

# Kutoka glasi C hadi dripu

Mtu mzima mwenye kilo 70 ana maji ya lita 42 hivi. Lita 28 ziko ndani ya seli, 14 ziko nje, kwenye damu na majimaji yanayozunguka seli. Nje kumetawala sodiamu, ile ya chumvi. Ndani kumetawala potasiamu. Hali hiyo hailetwi na bahati. Kwenye utando kuna pampu inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, mchana na usiku, na inakula nishati. Osmosisi na mtawanyiko ni mteremko wa bure, pampu inapandisha mlima kwa gharama.

Seli nyekundu ya damu haina ukuta mgumu kama wa kiazi. Iweke kwenye maji matupu, kama glasi yako A: kiazi kinakakamaa, lakini seli ya damu inavimba hadi kupasuka. Iweke kwenye E, inasinyaa. Ndiyo maana maji matupu hayaingizwi kwenye mshipa hata yawe safi namna gani.

Dripu ya kawaida ya chumvi ina gramu 9 kwa lita. Ukitaka sukari ya mezani ifanye kazi sawa na hizo gramu 9, utahitaji kama gramu 105 kwa lita. Kwa nini zipishane hivyo? Osmosisi haiangalii uzito wa tenga, inahesabu matenga. Chembe ya sukari ni kubwa na nzito, halafu ikiyeyuka inabaki moja. Chumvi ni nyepesi, na kila moja ikiyeyuka inagawanyika mara mbili, sodiamu huku na kloridi kule.

Rudi daftarini. Glasi C ilikuwa na gramu 20 kwenye mililita 200, yaani gramu 100 kwa lita. Glasi ile "isiyofanya kitu" imekolea karibu sawa na damu yako. (Kiazi nacho kuangukia jirani na hapo ni sadifa tu, usiijengee nadharia.)

Hesabu hii inagusa pia pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari anayopewa anayeharisha. Ile ya kawaida huyeyushwa kwenye lita 1 ya maji safi, ina chumvi gramu 2.6 na glukosi gramu 13.5, pamoja na potasiamu na sitreti, na kwa jumla imekolea kidogo chini ya damu. Kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango unaoingiza sodiamu 2 pamoja na glukosi 1, kisha maji yanafuata. Sukari imewekwa humo kufungua mlango, utamu ni nyongeza. Nimewaona watu wakiyeyusha pakiti nzima kwenye chupa ya nusu lita "ili iwe kali". Umeshafanya jaribio, jijibu mwenyewe: myeyusho uliokolea kuliko damu, ndani ya utumbo wa mtoto anayeharisha, utayapeleka maji upande gani? Soma kipimo kwenye pakiti, kifuate, na usitumie vipimo vya glasi zetu kama dawa. Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa au anayetapika kila kitu apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

# Ukikwama

Glasi zote zimeongezeka. Hukukausha vizuri, au sukari haikuyeyuka. Rudi hatua ya 3 na ya 7.

Zote zimepungua, hata A. Ulikamua vipande, au maji yako yana chumvi. Yaonje kabla hujalaumu mizani.

Glasi moja imeruka nje ya mstari. Usiifute. Iandike, ikibidi irudie hiyo moja tu kwa viazi vipya. Kwenye mtihani wa vitendo, majibu yaliyonyooka kama rula ndiyo yanayomtia msahihishaji shaka.

Mchoro haukati sifuri. Viazi vyako vilikuwa vikavu au vitamu kupita kawaida. Ongeza glasi ya gramu 50.

Yai limebaki na madoa ya gamba. Siki imechoka. Badilisha, subiri saa 12.

# Glasi ya sita, kwa wanaokwenda ufukweni

Jumapili ukipita Coco Beach, chota maji ya bahari kwenye chupa. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo kwenye mililita 200 kuna gramu 7 tu. Kabla hujazamisha kiazi, mwambie mtoto aandike ubashiri: kitalegea kuliko kile cha E chenye sukari gramu 40, au kidogo kuliko hicho?

Wengi wanasema kidogo, kwa sababu 7 ni ndogo kuliko 40. Zamisha saa 3, nawa mikono, kausha. Kipande kitajizungusha kwenye kidole bila kukatika, maana zile gramu 7 zina kani karibu mara 2 ya glasi E. Halafu mtoto huyohuyo akuulize mwenyewe kwa nini mvuvi aliyekwama baharini siku 3 anakufa kwa kiu huku maji yamemzunguka.